Uzi maalumu wa kayaki ya maji makali: safari, mashindano na vifaa, msimu kwa msimu

Mpigakasia

Wakuu, salaam.

Maswali ya kayaki ya maji makali, yaani mtumbwi mdogo wa kushukia mito yenye mkondo mkali kwa kasia, yanaulizwa vipande vipande. Huyu anataka kujua helmeti ipi, yule anauliza aende mto gani mwezi gani, mwingine kaona mashindano kwenye televisheni anaulizia sheria zake. Nafungua uzi huu ili vyote vikae pamoja, maana kwangu mimi ni swali moja tu. Jua kwanza maji ya mto yanatoka wapi na yanafika lini. Ukishalijua hilo, utajua uende lini, nani wanashindana kipindi hicho, na uvae nini. Anayeanza kwa kununua kayaki kaanzia mwisho.

Maji makali yanaletwa na mambo matatu: mvua, theluji inayoyeyuka na bwawa linalofunguliwa.

Mto wa mvua hupanda haraka na kushuka haraka. Mto mdogo wenye mteremko mkali unaweza kujaa ndani ya saa chache na keshokutwa ukabaki mawe matupu. Wanaoipenda mito ya aina hiyo hukaa na begi lililofungwa tayari, wakifuatilia mvua na kipimo cha kina kwenye simu. Hatari yake ni kwamba unaweza kupanda wakati uko ndani. Angalieni dalili: maji yanageuka kahawia, majani na vijiti vinaanza kupita katikati ya mkondo, mawe yaliyokuwa makavu sasa yamelowa hadi mgongoni, na yale maji tulivu ya nyuma ya jiwe ulipopumzikia yanaanza kupandashuka. Ukiona mawili kati ya hayo, toka kando. Usingoje uwe kwenye korongo lenye kuta pande zote ndipo ufikirie kutoka.

Mto wa theluji una saa zake. Jua la mchana linayeyusha, maji yanasafiri, mto unapanda jioni au usiku kutegemea umbali wa theluji yenyewe. Kwa hiyo saa mbili asubuhi na saa kumi jioni mto huohuo unaweza kuwa na sura mbili. Kwenye Alpi na kwenye milima ya Rocky kilele huwa Mei na Juni. Mito inayolishwa na barafu ya kudumu huendelea kuwa na maji mengi Julai na Agosti, siku zenye joto kali kabisa, na wazoefu wake huingia majini mapema wakamaliza kabla ya mchana.

Mto wa bwawa ni wa ratiba. Mfano mkubwa ni Gauley kule West Virginia, Marekani. Kila mwaka Septemba na Oktoba bwawa la Summersville hushushwa, na maji hayo hutiririka kwenye Upper Gauley wikendi baada ya wikendi. Watu hupanga likizo za mwaka mzima kwa ajili ya maporomoko (vipande vya mto vyenye maji makali) kama Pillow Rock, Lost Paddle na Sweet's Falls. Uzuri wa bwawa ni kwamba unajua maji yatakuja. Ubaya wake ni kwamba maji hayo hayasubiri mtu aliyekaa chini kwenye mawe akila, kwa hiyo saa ya kufunguliwa ni lazima uijue.

Nitaendelea. Karibuni maswali.

Bint Mkondo

Asante sana mkuu kwa kuufungua. Naomba ufafanue madaraja. Nasikia mto wa daraja la III, daraja la IV. Je, daraja hilo linabadilika na msimu au limebandikwa kwenye mto moja kwa moja?

Mpigakasia

Linabadilika, dada, na hapo ndipo wengi wanaponaswa.

Kipimo cha kimataifa kinaanzia I hadi VI. I ni maji yanayotembea na vijiwimbi vidogo. II yana mawimbi lakini njia iko wazi. III yana mawimbi yanayoweza kukujaza, na lazima ujue kugeuza kayaki. IV yana nguvu na yanataka usahihi, ukikosea unaumia. V ni ya wazoefu tu, na uokoaji wake ni mgumu. VI ni yale ambayo kuyapita ni kuhatarisha uhai waziwazi. Ila anayeandika "daraja la III" kwenye kitabu cha mto ameandika kwa kina fulani cha maji. Kina kikipanda, mto mmoja unafunikwa mawe yake na kuwa rahisi, mwingine unapoteza sehemu zote za kupumzikia na kuwa poromoko moja refu lisilokatika.

Kuna jambo jingine ambalo namba hiyo haisemi: wingi wa maji. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mto wa mita za ujazo 10 kwa sekunde unakupitishia tani 10 kila sekunde. Mto wa 1,000 unakupitishia tani 1,000. Yote miwili inaweza kuandikwa daraja la IV. Kwenye ule mdogo kazi yako ni kukwepa mawe. Kwenye ule mkubwa kazi yako ni kusubiri chini ya maji kwa utulivu mpaka wimbi likuachie, halafu ujiinue. Tena kasi ya mkondo ikizidi mara mbili, nguvu ya maji yanayokusukuma inazidi mara nne. Ndiyo maana kina kilichoongezeka kidogo kwenye ubao wa kupimia kinaweza kuleta siku tofauti kabisa.

Kisiwani

Na huku Afrika mkuu? Nile na Zambezi zinaingia wapi kwenye hesabu yako ya mvua, theluji na bwawa?

Mpigakasia

Swali zuri. Zambezi, chini ya Mosi-oa-Tunya (yale maanguko makubwa ya Victoria), ni mto wa mvua lakini mvua zenyewe zinanyesha mbali sana huko juu, kwa hiyo maji huchelewa kufika korongoni. Yanakuwa machache takriban Agosti hadi Desemba, na huo ndio msimu wake. Maporomoko ya korongoni yana namba, na la tisa, Commercial Suicide, wengi hulizunguka kwa miguu wakibeba vyombo. Maji yakijaa, kuanzia Machi hivi hadi Mei, sehemu ya mwanzo ya korongo inakuwa jambo jingine na safari za wageni huiruka au husimama.

Nile Nyeupe baada ya Jinja ina ziwa mgongoni. Ziwa Victoria linasawazisha kila kitu, kwa hiyo maji ni mengi, ya uvuguvugu, na yapo mwaka mzima. Kwa anayejifunza maji makubwa sijui kama kuna pahali bora, maana baada ya poromoko mara nyingi unakuta maji mapana yaliyotulia ya kukusanyia mtu na kayaki yake. Tamasha la Nile River Festival hufanyika huko Januari, wakati wenzetu wa kaskazini mito yao imeganda. Lakini tuseme ukweli: bwawa la Bujagali, megawati 250, lililoanza kazi 2012, na la Isimba, megawati 183, la 2019, yamezamisha maporomoko ambayo dunia nzima ilikuwa inayasafiria. Umeme watu wanauhitaji, sibishi. Ila linaniuma, na nadhani anayepiga kasia pale leo anapaswa kujua yuko juu ya nini.

Kwenye mito ya huku, hatari nyingine iko kwenye maji tulivu: mamba na viboko. Hendri Coetzee, aliyeongoza msafara wa 2004 ulioshuka Nile kutoka chanzo cha Nile Nyeupe hadi baharini, alichukuliwa na mamba kwenye mto Lukuga, Kongo, Desemba 2010. Alikuwa mzoefu kuliko karibu kila mtu. Msafiri mgeni asidhani kwamba akishapita poromoko amemaliza kazi, aulize wenyeji wa mto kila kipande.

NyumaYaJiwe

Naomba niongezee upande wa vifaa vya baridi, maana hapo ndipo naona watu wanafanya utani na maisha.

Vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa. Mwezi wa nne jua linaweza kuwaka vizuri, mtu akaingia na fulana, kumbe maji chini ya kayaki yametoka kwenye theluji asubuhi hiyohiyo. Maji yakiwa chini ya nyuzi joto 15 mwili unashtuka ukizama ghafla: pumzi inavutwa yenyewe bila hiari, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo unavuta maji. Wataalamu wa baridi hufundisha 1-10-1. Dakika 1 ya kuituliza pumzi. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Wengi wanaogopa ile saa moja, lakini mtoni kinachoua ni dakika 10, kwa sababu vidole visivyokamata haviwezi kushika kamba uliyorushiwa.

Pamba usiivae kabisa. Ikilowa inashikilia maji na kukunyonya joto. Sufu au nguo za nyuzi za kutengenezwa ndizo za ndani. Juu yake, kama maji ni ya wastani, suti ya neoprini inatosha. Inaacha tabaka jembamba la maji liingie, mwili unalipasha joto, basi. Lakini lazima ikubane, ikiwa pana maji yanabadilishana na unabaki na baridi yako. Maji ya theluji yanataka suti kavu yenye shingo na mikono ya mpira wa latex, na ndani unavaa sufu kadiri ya siku. Suti kavu yenyewe haina joto. Wapo wanaoinunua kwa bei kubwa halafu wanavaa fulana ndani wakidhani wamemaliza.

Kwa mikono kuna vifuko vinavyofungwa kwenye kasia, mkono unaingia ndani na kushika mti wa kasia moja kwa moja. Navipenda kuliko glavu kwa sababu glavu nene inakuondolea hisia ya bapa la kasia limekaa vipi majini.

Bint Mkondo

Hapo kwenye kinachokaa kichwani na kifuani, kuna vipimo vya kuangalia?

NyumaYaJiwe

Helmeti ya maji makali kwa Ulaya iwe na alama EN 1385. Ya baiskeli haifai, imetengenezwa kwa pigo la aina nyingine na haikufuniki pembeni na kisogoni. Ukishaifunga, isukume paji la uso kwa kiganja kwenda nyuma: ikipanda na kuacha paji wazi, si saizi yako. Ikishapata pigo kubwa iachie hapo, hata kama nje haionyeshi ufa.

Jaketi okozi liwe la kukaa mwilini. Mwambie mwenzako alishike mabegani avute juu kwa nguvu. Likikufika masikioni, kaza mikanda au tafuta jingine. Povu la ndani huchakaa kwa jua na kwa kukaliwa, kwa hiyo kila msimu ukianza livae, ingia kwenye maji matulivu uone kama bado linakubeba. Na tafadhali, jaketi si mto wa kukalia wakati wa chakula.

Kijana wa Bondeni

Wakuu mimi naanza. Nimeshauriwa nichukue kayaki fupi ya michezo, ile ya kuruka na kuzunguka kwenye mawimbi, eti ukijifunza na ngumu utaweza zote. Mnasemaje?

Mpigakasia

Mdogo wangu, aliyekushauri anakutakia mema lakini sikubaliani naye.

Kayaki ya michezo ina mkia na pua nyembamba ili maji yaweze kuizamisha makusudi. Ukikosea pembe kidogo tu wakati unaingia kwenye mkondo, mkia unashikwa na unapinduka. Mwanafunzi atapinduka mara nyingi, ataogopa, atajifunza kuegemea nyuma, na kuegemea nyuma ni tabia mbaya inayochukua muda mrefu kuiondoa. Kayaki kubwa ya mito ya milimani, yenye ujazo wa lita 270 na kuendelea, inaelea juu na inasamehe, ila nayo inasamehe mno, utapita mahali bila kujua umepitaje. Chukua ya katikati, ile ya kushuka mito, yenye kingo zinazosikika lakini mkia usiozama ovyo. Kasia kwa mtu wa kimo cha kawaida ni kati ya sentimita 191 na 200.

Muhimu kuliko kayaki: mafunzo ya kujiinua ukiwa umepinduka. Watu hufikiri ni nguvu ya mikono. Nguvu inatoka kiunoni. Kasia linakupa tu kitu cha kuegemea juu ya maji, nyonga inaizungusha kayaki, na kichwa kinatoka mwisho kabisa. Anayekimbilia kutoa kichwa kwanza ili apumue anairudisha kayaki chini. Jifunze kwenye bwawa la kuogelea msimu wa baridi, mito ikiwa imelala, ili masika yakukute tayari.

Na kabla ya hilo, jifunze kutoka. Ile sketi inayofunga tundu la kukalia ina kitanzi mbele. Kila unapoifunga, hakikisha kitanzi kiko nje, kiguse kwa mkono. Ukipinduka: inama mbele, tafuta kitanzi, kisukume mbele kisha juu, sukuma kayaki itoke kiunoni. Kitanzi kikibaki ndani ya sketi, una kazi ngumu gizani.

Kisiwani

Nije kwenye mashindano, maana ndiyo yaliyoniingiza mimi huku.

Slalomu ndiyo ya Olimpiki. Iliingia Munich 1972, ikapotea, ikarudi Barcelona 1992. Unapita malango 18 hadi 25 yanayoning'inia juu ya maji. Ya kijani unayapita kwa kushuka, mekundu unayapita kwa kupanda dhidi ya mkondo. Kugusa nguzo ni sekunde 2, kuruka lango ni sekunde 50, na hizo 50 maana yake umeaga. Utamu wote uko kwenye malango mekundu: mshindani anaingia kwenye maji yanayorudi nyuma ya kizuizi, anachoma bapa moja, kayaki nzima inageuka juu ya hilo bapa, anatoka.

Kwa sisi Waafrika, Beijing 2008 haisahauliki. Benjamin Boukpeti wa Togo alipata shaba kwenye kayaki ya mtu mmoja, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Togo, na alipomaliza akalivunja kasia lake vipande viwili kwa furaha. Nimeangalia mbio ile mara nyingi na bado inanisisimua.

Paris 2024 wakaongeza kayaki ya kukimbizana. Wanne wanaangushwa pamoja kutoka jukwaani, wanagombea maboya, na katikati ya njia kila mmoja lazima ajipindue na kujiinua. Kugongana ni ruksa kwa kiasi. Noemie Fox wa Australia na Finn Butcher wa New Zealand walichukua dhahabu. Dada yake Noemie, Jessica, alikuwa tayari kashachukua mbili za slalomu kwenye michezo hiyohiyo.

Nje ya Olimpiki kalenda inafuata maji, kama mkuu alivyosema. Juni, theluji ikiyeyuka, kuna tamasha la michezo ya hatari, Ekstremsportveko, huko Voss, Norwei, na North Fork Championship kwenye mto Payette, Idaho. Novemba, maji ya bwawa, Green Race ya mto Green, North Carolina, iliyoanza 1996, na poromoko la Gorilla ambalo watazamaji walikuwa wakijipanga mawe yote.

Mpigakasia

Umeitaja Green, nami niiongezee. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilipita pale na kuubadilisha mto wenyewe: mawe yalihama, magogo yakajaa, njia ambazo watu walizijua kwa miaka zikapotea. Hilo linahusu kila mto baada ya kila gharika. Ramani yako ya mwaka jana haina kazi tena. Shuka ukakague kwa miguu, hasa miti iliyolala. Mti mtoni ni chujio: maji yanapita, mtu anabaki. Maji yanayogonga jiwe hujikunja na kukusukuma pembeni, mti hausukumi kitu.

Na vizuizi vidogo vya zege vinavyokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo viogopeni kuliko poromoko. Maji yanaangukia chini yake na kujirudi juu sawasawa upande wote, hakuna pengo la kutokea. Kwa macho kinaonekana kingo ya nusu mita tu.

Kijana wa Bondeni

Nimekuelewa mkuu, asante. Nikianguka na kayaki ikaniacha je?

NyumaYaJiwe

Lala chali, miguu juu na mbele, tazama unakokwenda, ogelea kwa kukata pembe kuelekea kando. Usisimame kwenye maji yanayokimbia yakiwa juu ya magoti. Mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi na hutainuka. Mbele kukiwa na mti usioepukika, geuka, ogelea kifua mbele kwa nguvu zote na upande juu yake.

Ukirushiwa kamba, shika kamba yenyewe, usishike mfuko, maana ndani yake huenda kamba bado ipo. Iweke begani upande wa mbali na aliyekurushia, kisha lala chali. Usiizungushe mkononi.

Kwa mrushaji: mita 15 hadi 20 zinatosha. Ite jina kwanza mpaka akuangalie, ndipo urushe. Na kamba usiikunje duara kuirudisha mfukoni. Ishindilie kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja, ilale ovyo ndani. Iliyokunjwa vizuri hujifunga fundo inaporuka.

Bint Mkondo

La mwisho kwangu: msimu ukiisha, vitu vinahifadhiwaje? Kayaki yangu ya plastiki imebonyea tumboni baada ya kufungwa juu ya gari.

Mpigakasia

Hiyo itarudi, dada. Iweke juani tumbo likiwa juu, plastiki ikishapata joto isukume kutoka ndani kwa goti polepole. Msimu wote wa kupumzika isimamishe au ilaze ubavu, kivulini, mikanda isikazwe. Mpira wa suti kavu uoshe kwa maji safi yasiyo na chumvi, ukaushe mbali na jua, na mafuta ya kujikinga na jua yasiuguse shingoni, yanauozesha. Ukibana mno usiuvute kwa mkono: uvalishe kwenye sufuria ya duara inayoukaribia shingo yako ukae usiku kucha, kisha kesho yake jaribu. Bado ukikubana, kata pete moja nyembamba kwa mkasi mkali kwa mzunguko mmoja bila kuacha kijichano, jaribu tena ndipo ukate nyingine. Zipu ya shaba ipake nta, ya plastiki ipake grisi ya silikoni kwenye ncha pale inapofungia. Na sketi iangalie kitanzi kimeshonwa bado imara, nyuzi zikianza kulegea ipeleke ishonwe kabla ya masika.